Yoga: mwili wa jirani si kipimo cha mwili wako

Mu miji ya Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, watu wengi walikutana na yoga mara ya kwanza ndani ya telefoni: picha ya mtu mwembamba, mguu mmoja umepita nyuma ya shingo, na uso unacheka. Wengi wakiona vile wanasema, "Ile si ya siye." Wengine wanajaribu mara moja, wanaumia goti ao mgongo, na wanaachana nayo. Anayekataa na anayeumia wamefanya kitu kimoja: wote wamejipima na mwili wa mtu mwingine.

Makala haya yanaeleza yoga ni nini, kwa nini kujilinganisha na wengine kunaumiza roho na viungo, na namna gani mtu anaweza kujifunza kuacha tabia hiyo.

Yoga ni nini?

Yoga inatoka India. Jina lenyewe ni la lugha ya Kisanskriti, na shina lake lina maana ya kuunganisha, sawa vile watu wanafunga ng'ombe wawili kwa nira moja. Kinachounganishwa ni mwili, pumzi na mawazo.

Kitabu kinachotajwa zaidi ni Yoga Sutra ya Patanjali, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kina mistari mifupi karibu 195. Mtu anayefikiri yoga ni kupinda mwili tu atashangaa: ni mistari 3 tu inayozungumza wazi juu ya mikao ya mwili. Na ile mistari haisemi mguu ufike wapi wala mgongo upinde namna gani. Inataka vitu viwili tu: mkao uwe imara, na anayekaa ajisikie vizuri ndani yake.

Patanjali alipanga yoga kwa sehemu 8. Mikao, inayoitwa asana, ni sehemu ya tatu. Sehemu mbili za kwanza ni juu ya tabia ya mtu. Neno la kwanza kabisa katika orodha ile ni ahimsa, maana yake kutoumiza. Kutoumiza wengine, na kutojiumiza mwenyewe. Mbele kidogo kuko santosha, maana yake kuridhika na kile ulicho nacho leo. Kwa hiyo kuacha kujilinganisha si shauri jipya la watu wa siku hizi. Iko ndani ya msingi, kabla mtu hajatandika mkeka.

Leo yoga inafanywa katika inchi nyingi sana. Tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka 2014, Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 21 mwezi wa 6 iwe siku ya yoga ya dunia nzima. Mwaka 2016, kamati ya UNESCO iliyokutana Addis Ababa, Ethiopia, iliingiza yoga ya India katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kuko wanaoifanya kama sehemu ya dini yao, na kuko wengi wanaoifanya kama mazoezi tu, sawa mbio ao mpira. Mwenye wasiwasi juu ya imani yake anaweza kuzungumza na kiongozi wa kanisa ao wa msikiti wake, kisha akaamua.

Tabia ya kujipima inatoka wapi?

Mtu hajilinganishi na wengine kwa sababu ana roho mbaya. Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani Leon Festinger aliandika juu ya jambo hili. Alieleza kwamba mtu ana haja ya kujua yuko fasi gani. Kama kuko kipimo wazi, atatumia kile kipimo. Kama hakuna, atawaangalia watu. Na hamwangalii mtu yeyote tu: anamwangalia yule anayefanana naye, wa umri wake, wa kazi yake, wa kartie yake.

Yoga haina kipimo wazi. Mu mpira kuko magoli. Mu mbio kuko saa. Lakini mtu aliyeketi chini, amenyoosha miguu, anainama mbele, atajuaje kama amefanya vizuri? Macho yanakimbia pembeni. Jirani ameshika vidole vya miguu, yeye anafika ku magoti tu. Hapo njo mawazo yanaanza: "Niko nyuma. Nimezeeka. Mwili yangu iko ngumu sawa kuni."

Telefoni imeongeza uzito wa jambo hili. Zamani mtu alijilinganisha na watu kumi waliokuwa naye chumbani. Leo anajilinganisha na picha zilizochaguliwa kutoka dunia nzima. Picha haionyeshi miaka ya mazoezi, haionyeshi mara ngapi mtu alianguka, haionyeshi kama goti lilimuuma usiku ule. Inaonyesha sekunde moja tu.

Mifupa haifanani

Watu wengi wanafikiri anayepinda sana amefanya bidii zaidi. Mara mingi ni kweli kwa sehemu tu. Sehemu ingine iko ndani ya mifupa, na bidii haiwezi kuibadilisha.

Tuchukue nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, na kinazunguka ndani ya shimo lililo sawa kikombe. Kwa mtu mmoja kikombe kile ni kirefu, kwa mwingine ni kifupi. Kwa mmoja kimeangalia mbele zaidi, kwa mwingine pembeni. Shingo ya mfupa wa paja nayo haina pembe moja kwa watu wote: kwa watu wazima wengi iko kati ya digrii 120 na 135. Tofauti hizi hazionekani kwa nje. Watu wawili wanaweza kuwa na urefu mmoja, uzito mmoja, na kufanya mazoezi kwa muda uleule, lakini mmoja akakaa kwa kukunja miguu bila shida, na mwingine asifike hata siku moja. Misuli inaweza kuzoea kunyooshwa. Mfupa wa mtu mzima haupindi kwa sababu mwenyewe anatamani.

Hatari iko hapa. Mkao unaojulikana zaidi, wa kukaa na kuweka kila mguu juu ya paja la mguu mwingine, unaomba nyonga izunguke sana kuelekea nje. Kama nyonga imefika mwisho wake na mtu anaendelea kuvuta mguu kwa mikono juu jirani amefaulu, nguvu ile inatafuta fasi ingine ya kwenda. Inakwenda ku goti. Goti limetengenezwa zaidi kwa kukunja na kunyoosha, halikutengenezwa kwa kuzungushwa kwa nguvu. Ule mto mdogo wa gegedu ulio ndani ya goti unaweza kupasuka. Dakika moja ya kutaka kufanana na mwingine inaweza kuleta miezi ya kuchechemea. Kwa mwenye kupanda milima ya Bukavu kila siku, ao mwenye kusukuma chukudu, goti ni chakula cha nyumba.

Kuna jambo lingine. Misuli ikivutwa kwa haraka na kwa nguvu, inajikaza yenyewe ili kujilinda. Kwa hiyo mtu anayelazimisha mwili ili amfikie jirani anapigana na misuli yake mwenyewe. Anayekwenda polepole, kwa pumzi ndefu, mara mingi anafika mbali zaidi.

Na yule anayesifiwa kwa sababu anapinda sawa kamba, si lazima awe salama. Kuko watu ambao viungo vyao vinafunguka kupita kiasi tangu kuzaliwa. Kwa mama mwenye mimba, mwili unalegeza viungo ili kujitayarisha kuzaa. Watu hao hawana haja ya kwenda mbali zaidi. Wana haja ya makasi ya kushikilia viungo vyao. Anayewaonea wivu haoni shida yao.

Kazi ya kila siku nayo inatengeneza mwili

Kuko mkao wa yoga wa kuchuchumaa: nyayo zote chini, matako karibu na visigino. Mu Ulaya na Marekani, watu wazima wengi wanaoanza yoga hawauwezi. Wamekaa ku viti tangu utoto, visigino vyao vinanyanyuka, wanaanguka nyuma. Mwalimu anawawekea blanketi chini ya visigino.

Mama anayefua nguo pembeni ya ziwa Kivu ao Tanganyika, ao anayepika juu ya mbabula iliyo chini, anakaa vile bila kufikiri. Hakujifunza ku darasa. Lakini mama huyohuyo, aliyebeba bidoni la lita 20 ao mzigo wa makala ku mgongo kwa miaka, anaweza kuwa na mabega na shingo zilizokaza kiasi cha kushindwa kuinua mikono juu ya kichwa sawasawa. Yule wa Ulaya ataiinua bila shida.

Nani ni hodari kati yao? Swali lenyewe halina maana. Kila mwili unabeba historia ya kazi yake. Picha ya telefoni inaonyesha mwili uliokulia maisha mengine. Kutaka kufanana nao ni kutaka kubadilisha maisha uliyokwisha kuishi.

Kijana aliyepasuka misuli mbele ya wageni

B.K.S. Iyengar ni mmoja wa watu waliojulisha yoga duniani. Alizaliwa mwaka 1918 katika kijiji cha Bellur, kusini mwa India, wakati wa ile homa kubwa iliyoua mamilioni ya watu. Utoto wake ulikuwa wa ugonjwa: malaria, tifoide, kifua kikuu. Mwaka 1934, akiwa kijana dhaifu, alikwenda mji wa Mysore kukaa na dada yake. Bwana wa dada yake, Tirumalai Krishnamacharya, alifundisha yoga chini ya mfalme wa Mysore. Iyengar alisimulia kwamba mwanzoni mwili wake ulikuwa mgumu hata akiinama mikono haikupita magoti.

Wakati ule wanafunzi waliitwa kuonyesha mikao mbele ya wageni wakubwa. Siku moja mwalimu alimwamuru afanye mkao wa kupasua miguu, mmoja mbele na mwingine nyuma, mpaka chini kabisa. Hakuwa ameuzoea. Aliufanya juu ya heshima na woga, na misuli ya nyuma ya paja ikapasuka. Kwa muda mrefu hakutembea vizuri. Wageni waliona mkao mzuri. Hawakuona bei yake.

Mwaka 1966 Iyengar alitoa kitabu, Light on Yoga, chenye picha karibu 600 za mwili wake mwenyewe. Watu wengi walizifanya picha zile kuwa kioo na kujiona wameshindwa. Lakini Iyengar huyohuyo njo aliyeeneza matumizi ya mikanda, vipande vya mbao, blanketi, viti na kamba za ukutani, ili mzee, mgonjwa na mtu mgumu nao waingie katika mkao bila kuumia. Chombo kile kinasema jambo moja: mkao uje kwa mtu, si mtu akimbizwe nyuma ya mkao.

Krishnamacharya naye, kadiri miaka ilivyopita, alifundisha zaidi mtu mmoja mmoja, kwa kuangalia umri wake, kazi yake na afya yake. Alikufa mwaka 1989 akiwa na miaka 100.

Mpinzani mkali zaidi: wewe wa zamani

Kuko mtu asiyemwangalia jirani hata kidogo, lakini anajilinganisha kila siku. Anajipima na yeye mwenyewe wa zamani. Kijana aliyecheza mpira kabla ya risasi kumpata mguuni. Mama kabla ya kuzaa watoto sita, ao kabla ya kupasuliwa. Mzee aliyetembea siku mbili kwa mguu kukimbia vita, na leo anachoka ku ngazi tatu. Mtu aliyekuwa na nyumba, na leo analala chini ya hema.

Kwa watu wa Mashariki, kujilinganisha huku njo kunaumiza zaidi, kwa sababu kunagusa kilichopotea. Hapa pia Iyengar anasaidia kama mfano. Mwaka 1979, akiwa na miaka 60, alipata ajali ya skuta iliyomharibia mwili. Mikao aliyofundisha dunia nzima ilimshinda. Alilazimika kuanza tena sawa mwanafunzi, kidogo kidogo.

Utafiti mmoja unaonyesha faida ya kufanya yoga bila mashindano kwa watu waliopitia mabaya. Uliongozwa na daktari Bessel van der Kolk huko Marekani na ulitolewa mwaka 2014. Wanawake 64 wenye majeraha ya moyo ya muda mrefu waligawanywa katika vikundi viwili. Kimoja kilifanya yoga kwa juma 10. Kingine kilipata masomo juu ya afya ya mwanamke. Mwishoni, wanawake 16 kati ya 31 wa kikundi cha yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa. Katika kikundi kingine walikuwa 6 kati ya 29. Yoga haikuchukua fasi ya matibabu. Iliongezwa juu yake. Na ile yoga ilikuwa ya namna ya pekee: mwalimu haamuru, anapendekeza, kila mmoja anachagua kufanya, kupunguza ao kuacha. Aliyenyimwa uwezo wa kuamua juu ya mwili wake anaurudisha hapo, katika mambo madogo.

Namna ya kuacha kujilinganisha

Tabia hii haikufi kwa kuambiwa "acha". Inapungua mtu akipata kipimo kingine.

Kipimo cha kwanza ni pumzi. Kama unapumua polepole kwa pua, uko fasi nzuri. Kama pumzi inakatika ao unaizuia, umekwenda mbali kupita kiasi, hata kama jirani amekwenda mara mbili zaidi. Rudi nyuma kidogo.

Kipimo cha pili ni uso. Meno yakikazana na paji la uso likikunjamana, mwili unaomba msamaha.

Kipimo cha tatu ni aina ya maumivu. Kuvutwa katikati ya misuli, kunakopungua ukipumua, ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, goti, bega, nyonga ao uti wa mgongo, ao ganzi inayoshuka ku mguu ao mkono, ni alama ya kusimama mara moja.

Chagua fasi moja ya kuangalia: alama ku ukuta, ncha ya kidole. Walimu wa India wanaita vile drishti. Jicho lililo na kazi halitembei. Kumwangalia jirani ili ujue mguu gani unakwenda mbele si kosa. Hiyo ni kujifunza. Kosa linaanza jicho likibaki pale kuhesabu nani amemshinda nani.

Tumia vyombo bila haya. Usipofika ku miguu, pitisha kitenge chini ya nyayo na ushike pande mbili. Kunja magoti ukiinama, mgongo utashukuru. Kalia blanketi iliyokunjwa kama mgongo unaanguka nyuma. Kipande cha mbao ao matofali mawili yaliyofunikwa kitambaa vinaleta ardhi karibu na mkono.

Mawazo ya kulinganisha yakija, yataje kimoyomoyo, "Ninajipima," kisha rudi ku pumzi. Yatarudi mara kumi. Kurudi mara kumi njo mazoezi yenyewe.

Mwishoni, ukipenda kuandika, usiandike "nimefika ku vidole". Andika namna ulivyolala usiku ule, mgongo ulivyo asubuhi, hasira ilivyopungua ao ilivyobaki. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kipimo ambacho ni chako.

Kwa anayefundisha

Mwalimu anaweza kuponya tabia hii ao kuilisha. Asimwite kila siku yule anayepinda zaidi aonyeshe wengine. Aanze na namna rahisi ya mkao, kisha aseme ile ngumu ni kwa anayetaka. Asipige picha bila ruhusa. Asimguse mtu ao kumsukuma bila kumwuliza kwanza. Na asilazimishe kufunga macho: kwa aliyepitia vita ao ubakaji, giza la macho linaweza kurudisha siku mbaya. Macho wazi yakitazama chini yanatosha.

Nani amwone minganga kwanza?

Mama mwenye mimba, aliyezaa ao kupasuliwa karibuni, mwenye tansio ya juu, mwenye ugonjwa wa moyo ao wa macho, mwenye risasi ao chuma ndani ya mwili, na mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka miguuni, waulize minganga ao kine kabla ya kuanza. Mikao ya kuweka kichwa chini haiwafai wengi wao. Wanaweza kubaki na mazoezi ya pumzi na ya kunyoosha mwili wakiwa wameketi, na hayo ni yoga kamili, haipungui kitu.

Kwa anayeanza kesho, dakika kumi zinatosha. Mkeka ao kitenge chini, tumbo lisiwe na chakula kizito, telefoni ibaki chumba kingine. Simama wima, inua mikono kadiri mabega yanavyoruhusu, inama ukikunja magoti, keti, lala chali, na uhesabu pumzi 20. Mikono ikifika ku magoti tu, basi leo mkao wako unaishia ku magoti.